Kwa Nini Suman Hufungwa Mbili Mbili

Aliyeshika kamba mbili arudishe moja. Suman haifungwi peke yake, na kwa kuwa mmeuliza sababu, sababu mtaambiwa. Ila mikono iendelee kukunja, maana wali huu ukipoa kwenye beseni hautakubali tena kulala vizuri kwenye jani.

Mambo haya yalitokea wakati suman ilipokuwa ikifungwa moja moja. Kila moja ilikuwa na jani lake la mgomba na kamba yake, imejikunja kivyake kama mtu aliyejifunika shuka akawapa wenzake mgongo. Katika mojawapo ya visiwa vya Ufilipino kulikuwa na kijiji kilichoitwa Lamakan, kimejibana kati ya mto na kilima. Watu wake walilima mpunga wa kunata, ule ambao punje zake zikiiva hushikana na haziachani hata uzikoroge kwa mwiko.

Lamakan hakuna aliyevuna shamba lake peke yake. Mpunga ukiinama, majirani walikuja na visu vyao vya kuvunia, wakaanza shamba moja mpaka likaisha, kisha wakaenda jingine. Hawakulipwa. Mwenye shamba aliwapikia suman, wali wa tui uliofungwa kwenye jani ukachemshwa, na kila mvunaji alipewa moja kabla hajagusa suke la kwanza. Aliipokea, akaigeuza, akalitazama jani lake kabla ya kuifungua. Ikiwa imeziba, aliila akaingia shambani. Ikiwa imefumuka chunguni, maji yameingia na wali umekuwa rojorojo, hakusema neno baya. Alisifu nazi. Baada ya hapo alikumbuka kwamba mbuzi wake hakumfunga, au jino likaanza kumuuma, akaaga kwa adabu akarudi kwake. Na wa pili naye akakumbuka la kwake, na wa tatu, mpaka mwenye shamba akabaki na chungu chake.

Waliamini hivi: mtu asiyeweza kuzuia maji yasiingie kwenye jani dogo hataweza kuzuia mvua isiingie kwenye ghala. Kumvunia mtu wa namna hiyo ni kuwavunia ukungu na panya. Imani hiyo ilianza lini, hakuna aliyejua, na aliyeuliza aliambiwa ale.

Basi hapo Lamakan alikuwapo msichana wa miaka kumi na tisa jina lake Dalisay, aliyeishi na mama yake, Nanay Sampaga. Nanay ndivyo mama anavyoitwa huko. Misimu ishirini Nanay Sampaga alipika suman za mavuno, na hata moja haikuwahi kufumuka. Lakini mwaka huo mikono yake ilianza kutetemeka. Bakuli aliweza kulishika kwa mikono miwili, ila pembe ya jani hakuweza tena kuikunja. Mpunga nao haukungoja. Ulikuwa umeshainama, na kila alasiri mawingu yalikuja kukaa nyuma ya kilima, leo mengi kuliko jana. Wavunaji walikuwa wameshasema watakuja kesho asubuhi kwa Nanay Sampaga. Shamba lile ndilo lililowalisha yeye na bintiye mwaka mzima. Wavunaji wakikumbuka mbuzi wao, mvua itaukuta mpunga umesimama, itaulaza matopeni, na mwaka utakuwa wa mihogo ya kuomba.

Dalisay alikuwa mtu wa kuhesabu. Alihesabu ngazi za nyumba alipopanda na alipozishuka, ingawa zilikuwa tano siku zote. Alikuwa amemtazama mama yake akipika suman tangu utotoni, na alikumbuka kila kitu isipokuwa kile kinachojulikana na vidole peke yake.

Siku hiyo aliamka mapema akalowanisha mchele. Alikuna nazi, akakamua tui zito akaliweka pembeni, akakamua na jepesi. Aliuinjika mchele kwa tui na chumvi, akaukoroga mpaka ulipolinywa tui lote ukawa haujaiva wala si mbichi, kama unavyotakiwa. Aliyababua majani juu ya makaa, jani moja moja, mpaka yalipobadilika rangi yakawa ya kijani kilichokolea na kung'aa. Jani lenye ufa alilitupa. Lenye doa alilitupa pia, ijapokuwa doa halijawahi kuingiza maji. Kamba nazo, zile zinazochanwa kwenye ganda la mgomba na kuanikwa, alizipima moja moja kwa mkono kuanzia kiwiko hadi ncha ya kidole. Iliyopungua aliitupa motoni. Yenye kifundo aliitupa motoni. Iliyojipinda bila kosa lolote jingine, motoni.

Kisha akaanza kufunga. Alipoweka wali kwenye jani alilikunja kwa mkunjo ulionyooka kama umepigwa rula, akazungusha kamba, akaivuta, akaivuta tena, akapiga fundo, na juu ya fundo akapiga fundo.

"Usiikabe, mwanangu," mama yake alimwambia kutoka kwenye mkeka.

Dalisay alijibu kwa upole kwamba haikabi, anaifunga. Akaivuta tena.

Alipanga suman arobaini chunguni juu ya vikonyo vya majani ili zisiungue chini, akamwaga maji, akafunika. Kisha akakaa mbele ya mafiga akifunua na kufunika, kufunua na kufunika. Maji yalipochemka, wali ulianza kufura, kwa sababu wali wa kunata hata ukishapikwa nusu bado una njaa ya maji. Ukatafuta nafasi ndani ya jani, haukuipata. Suman ya kwanza ilipasuka kwa sauti ndogo, kama ganda la kunde likiachia juani. Ikafuata ya pili. Kufika adhuhuri, kati ya arobaini zilibaki sita zilizoziba, na chungu kizima kilikuwa kimegeuka uji.

Dalisay alizihesabu zile sita mara tatu. Kisha akatazama kilichobaki. Mchele uliolowekwa ulikuwapo, ila nusu tu ya aliokuwa nao asubuhi. Majani yalikuwapo. Kamba hazikuwapo. Nyingine zilikuwa zimekwenda na zile suman, nyingine zilikuwa majivu, na kamba mpya ya mgomba inahitaji siku tatu za jua kabla haijaweza kufunga kitu.

Mtu mmoja tu Lamakan hakupungukiwa kamba. Aliitwa Mutya, na vijana walimwita Aling Mutya kwa heshima ya umri, kwani alikuwa mjane mtu mzima. Nyumba yake ilikuwa ng'ambo ya mfereji wa maji, ukivuka ubao umefika. Kamba zilining'inia kwake kila mahali, kwenye upenu, kwenye dirisha, kwenye pembe ya ngazi, nyingine za mgomba, nyingine za matete, nyingine zimefumuliwa kutoka mikeka ya zamani. Alikuwa mwanamke wa kucheka kabla hajamaliza kisa chake. Na suman zake zilijulikana kijiji kizima kwa kufumuka, kwa sababu alizifunga kwa mkono mlegevu, kama mtu anayemfunga ng'ombe mpole. Misimu mitatu ilikuwa imepita wavunaji hawajaingia shambani kwake. Alivuna peke yake na ndege, na ndege walikuwa wengi.

Dalisay hakuwahi kukanyaga jikoni kwa Aling Mutya. Hakuwa na kiburi. Aliogopa tu. Alidhani kwamba mtu akionekana ametoka nyumba ile na kamba mkononi, hata suman zake zikiziba namna gani, wavunaji wataanza kukumbuka mbuzi wao wangali njiani. Kwa hiyo aliuvuka ubao kwa kupitia nyuma, penye migomba, akiwa na suman moja iliyopasuka mkononi, akapiga hodi mara nne.

"Karibu, mwanangu. Hodi moja inatosha, nyumba yenyewe hii inasimama kwa kuniheshimu tu," Aling Mutya alisema.

Dalisay alieleza shida yake kwa mpangilio, tangu kulowanisha mchele hadi adhuhuri ile, bila kuacha kitu. Aling Mutya alimsikiliza huku akiitazama ile suman iliyopasuka. Mwisho akaichukua, akaigeuza.

"Hii uliifunga au uliinyonga?"

Dalisay, ambaye nyumbani kwao hakutoa hata chozi moja ili mama yake asimwone, alilia hapo hapo mlangoni. Aling Mutya hakumbembeleza. Alimsogezea mbuzi ya kukunia, akampa nazi, akamwambia akune, maana ukikuna nazi huku unalia utaikata mikono, kwa hiyo itabidi uchague moja. Dalisay alichagua nazi.

Kumbe Aling Mutya naye alikuwa na chungu motoni. Kila msimu alipika suman za mavuno, akaziweka mlangoni asubuhi, ikiwa labda mtu atapita. Mchele wake ulikuwa umeshakunywa tui na ulikuwa unapoa kwenye ungo. Alikuwa amechemsha suman chache za kujaribu, akazitoa ili Dalisay azione. Majani yake hayakupasuka hata moja. Wali ulikuwa umefura ukajaza jani vizuri, umenenepa. Ila pale mkunjo unapoishia, ukingo wa jani ulikuwa umejiinua wenyewe, na maji yakapita.

"Zangu hazipasuki," alisema. "Zinafunguka tu, kama mimi."

Dalisay alizilaza sakafuni mbili, ya kwake iliyokabwa na ya jirani iliyoachiwa, akazitazama kwa muda mrefu kama anavyotazama kila kitu. Kisha akaenda kuzihesabu kamba za Aling Mutya zilizo kavu na imara. Zilikuwa arobaini na mbili. Wavunaji walikuwa arobaini, na kwa desturi ya Lamakan kila mmoja alipaswa kupata suman ya shamba analokwenda kuvuna. Kwa mashamba mawili, la kwao na la Aling Mutya, zilihitajika kamba themanini. Dalisay alitamka hesabu hiyo kwa sauti, na sauti yenyewe ilikuwa inaelekea tena kwenye kilio.

Aling Mutya alisema kamba zake ni ndefu. Watoto wake, zamani walipokuwa hapa nyumbani, walilala wawili wawili kwa sababu shuka zilikuwa chache, na hakuna aliyefunuka. Basi na hizi zilale hivyo.

Dalisay angeweza kukataa, kwa kuwa jambo hilo halikuwahi kufanywa. Lakini mikono yake ilikuwa imeshachukua ile suman yake iliyopasuka, iliyokunjwa upya kwenye jani zima bila kufungwa, na moja ya Aling Mutya. Alizilaza pamoja mgongo kwa mgongo, zikafunguka zote mbili. Akazigeuza ubavu, zikateleza. Akazigeuza tena, upande wa mkunjo ukatazama upande wa mkunjo, tumbo kwa tumbo, na hapo ukingo wa jani la huku ukazuiwa na tumbo la kule, na wa kule ukazuiwa na la huku. Hakukuwa na mahali pa kufungukia. Aling Mutya alizungusha kamba yake, akailegeza kwa kiasi cha kidole kimoja, akafunga kitanzi. Dalisay alinyoosha mkono aivute. Kisha akaurudisha.

Waliendelea hivyo mpaka jua lilipoinama, Dalisay akikunja kwa mchele wa kwao aliokwenda kuuleta akauinjika hapo kwa tui, Aling Mutya akikunja kwa mchele wake. Za Dalisay zilinyooka. Za Aling Mutya zilikuwa na vitambi, nyingine zimepinda kama ndizi mbivu. Zilipofungwa pamoja, ile iliyonyooka iliishikilia iliyopinda, na yenye kitambi ikaipa nyembamba mahali pa kuegemea.

Chungu kilipochemka, Dalisay hakufunua. Aliweza hilo. Lakini zilipoipuliwa na kuanikwa kwenye ungo zikitoka mvuke, ugonjwa wake ulimrudia. Alichukua jozi moja, akashika ncha ya kamba. Alitaka kuona ndani, mara moja tu, ya kwake tu, ajue kama imeziba, ili aweze kulala.

"Ukiifungua ya kwako, umeifungua na ya kwangu," Aling Mutya alisema. Safari hii hakucheka.

Dalisay aliirudisha kwenye ungo, na mara ya kwanza maishani mwake akaondoka mbele ya kitu bila kukikagua.

Asubuhi wavunaji walikuja, wakakaa ukumbini kwa Nanay Sampaga, visu vyao magotini. Mbele yao alikaa mzee wao Dakila, aliyeitwa Mang kwa heshima, ambaye ndiye aliyekula kwanza na ambaye mbuzi wake ndiye aliyekuwa wa kwanza kukumbukwa siku zote. Dalisay alimpa jozi moja kwa mikono miwili. Mzee aliigeuza huku na huku akiitafuta iliyo yake.

"Na hii ya pili ni ya nani?"

Hapo Dalisay angeweza kusema kwamba zote ni za kwao. Aling Mutya alikuwa amesimama nje ng'ambo ya mfereji, mbali kiasi cha kutosikia, na alikuwa ameshamwambia jana kwamba akitaka kusema hivyo aseme tu, hatakasirika. Nanay Sampaga alikuwa kwenye mkeka wake, mikono imefichwa chini ya upande wa kitambaa. Mawingu yalikuwa yameanza kukusanyika, na asubuhi hiyo hayakungoja alasiri.

"Moja ni ya shamba letu, Mang Dakila. Moja ni ya shamba la Aling Mutya," Dalisay alisema. "Hazikuziba mpaka zilipofungwa pamoja."

Mtu mmoja nyuma alianza kujishika shavu upande wa jino. Mang Dakila alivuta kamba, ikaachia mara moja, kwa kuwa ilikuwa imefungwa na mkono usiokaba. Suman mbili zikaachana taratibu mapajani mwake. Alifungua ya kwanza. Wali ulikuwa mweupe, umeshikana, unang'aa kwa tui, na hapakuwa na tone la maji. Akafungua na ya pili, ile iliyopinda. Nayo ilikuwa hivyo hivyo.

Alikula ya kwanza bila haraka, akachovya kipande cha mwisho kwenye sukari guru. Ya pili aliitazama. Kwa desturi ya Lamakan, aliyepokea suman iliyoziba hakuwa na mbuzi tena wala jino. Na mkononi mwake alikuwa na mbili, za mashamba mawili.

"Kwa hiyo mmetufunga na sisi," alisema.

Aliyecheka kwanza ni yule wa jino. Wakacheka wote, wakala. Mang Dakila aliikunja ya pili kwenye jani lake, akaitia mkobani, akasema hiyo ni ya shamba la pili. Wengine wakafanya vivyo hivyo. Walivuna kwa Nanay Sampaga siku moja na nusu, kisha wakavuka ubao wakavuna kwa Aling Mutya siku moja na nusu, wakala suman zao za pili wakiwa wamekaa kwenye matuta yake, huku ndege wakilalamika mitini. Aling Mutya alizunguka katikati yao akiwagawia maji na kuanza visa ambavyo hakumaliza hata kimoja. Mvua ilinyesha siku ya nne, na mganda wa mwisho ulikuwa umeshaingia ghalani.

Jioni ya siku hiyo, mvua ikipiga paa, ilibaki jozi moja ya ziada kwenye ungo. Nanay Sampaga aliiomba. Dalisay alitaka kumfungulia, lakini mama alikataa, akashika ncha ya kamba kwa vidole vyake vinavyotetemeka, akavuta mara moja, na ikaachia. Kamba ya Dalisay ya kwanza, ile ya fundo juu ya fundo, asingeiweza. Akachukua suman moja, na ya pili akampa binti yake, ambaye kwa siku tatu alikuwa amegawa chakula cha watu wote na hakujikumbuka. Wakala pamoja bila kuulizana ipi ni ya nani.

Na tangu siku hiyo suman hufungwa mbili mbili, mikunjo ikitazamana na migongo ikiwa nje, kwa kamba moja iliyolegezwa kiasi cha kidole. Tangu siku hiyo pia anayefungua jozi hula moja, na ya pili humpa aliye karibu naye, hata kama hawajuani, hata kama asubuhi walinuniana. Na hapa jikoni hakuna anayefungua ya kwake kuikagua kabla ya kuliwa, kwa sababu haiwezekani kuifungua ya kwako peke yake.

Kwa hiyo wewe mwenye wasiwasi, acha kuibonyeza hiyo. Igeuze iitazame ya mwenzako. Zungusha kamba. Legeza kidogo, zaidi kidogo. Hapo hapo. Sasa leteni, maji yameshachemka.